Chati ya Kitanda cha Tisa

Mwaka ule wodi ya pili ya wanawake ilikuwa na vitanda thelathini na viwili, wagonjwa arobaini na watatu, na wauguzi wawili kwa zamu ya mchana. Wagonjwa waliozidi vitanda walilazwa juu ya magodoro sakafuni, kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwingine, hata muuguzi aliyebeba beseni alitembea kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Mwaka uliotangulia wauguzi wa zamu hiyo walikuwa sita. Wawili walikwenda kufanya kazi ng'ambo, mmoja alihamishwa, mmoja alikwenda likizo ya uzazi. Hakuna aliyeletwa kuziba pengo. Mimi ndiye niliyekuwa matroni, na ndiye niliyepanga zamu. Kwa hiyo nakisema ninachokijua.

Badala ya watu tuliletewa amri. Ofisi ya mkurugenzi ilitangaza kwamba hospitali ingekaguliwa, na kwamba jambo la kwanza ambalo wakaguzi wangelitazama ni chati zinazoning'inizwa miguuni pa vitanda. Katika chati kila saa ina visanduku vyake: mapigo ya moyo, presha, pumzi, joto. Kisanduku kitupu kilihesabiwa kuwa kazi isiyofanyika, na muuguzi aliyefikisha visanduku vitupu kumi kwa juma aliandikiwa barua ya onyo. Kila Ijumaa nilipita na kalamu nyekundu nikivihesabu. Nilikuwa mkali. Nilifundishwa uuguzi na watu ambao wangekurudisha kutoka mlangoni kwa kosa la mkunjo mmoja wa shuka, nami niliamini kwamba shuka na uhai wa mtu hulindwa kwa adabu ileile.

Juma la kwanza visanduku vitupu vilipita mia mbili. Juma la tatu vilikuwa kumi na viwili. Juma la nne hapakuwa na hata kimoja, na mkurugenzi alinipa mkono mbele ya watu.

Muuguzi aliyekuwa na chati safi kuliko wote tulimwita Mizani. Aliweza kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa akataja mapigo bila kutazama saa. Ungehakikisha, ungekuta amekosea kwa moja au mawili. Madaktari waliokuwa wagumu kwa kila mtu waliisoma chati yake na kuandika dawa bila kuuliza neno. Kwa miaka tisa hakupandishwa cheo. Mara tatu aliniomba likizo, na mara tatu nilimjibu kwamba hapana wa kushika nafasi yake, jibu ambalo lilikuwa la kweli na halikumsaidia. Katika sherehe ya wafanyakazi bora aliitwa jukwaani, akapigiwa makofi, akakabidhiwa cheti chenye jina la karani wa stoo. Walimwambia akichukue tu, kingerekebishwa. Alikibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa.

"Ashukuriwe karani," aliwaambia wenzake. "Kauguza watu wengi, na mwenyewe hana habari."

Walicheka sana. Lakini tangu siku ile nilimwona amebadilika. Hakuchelewa, wala hakujibu kwa ukali, wala hakukataa mgonjwa. Aliacha kuuliza, basi. Zamani angemfuata daktari mpaka koridoni: kwa nini huyu, mbona yule, hii homa ya jioni umeiona? Sasa alipewa agizo akalitekeleza, akaenda kwa mwingine.

Asubuhi moja, majuma matatu kabla ya ukaguzi, niliichukua chati ya bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Ilikuwa saa tatu. Chati ilikuwa imejazwa mpaka saa saba mchana.

Nilimwita Mizani stooni, nikafunga mlango.

"Hii ni nini?"

Aliitazama bila haraka. "Ni chati, Matroni."

"Saa saba imefika?"

"Haijafika."

"Mapigo ya saa saba umeyapata wapi?"

"Nimeyapika." Neno hilo nilikuwa nimelisikia likinong'onwa kwenye chumba cha chai, likanyamazishwa kila nilipoingia. "Namjua bibi yule. Saa saba atakuwa na sabini na sita, au sabini na nane akigombana na mjukuu wake. Nenda ukampime saa saba, uniambie."

"Nikuandikie barua?"

"Andika. Ila Matroni, mimi nina mikono miwili na macho mawili. Hivyo vingine mlivyonihesabia huko juu sina. Ukitaka kweli, niondolee wagonjwa ishirini. Ukitaka visanduku, hivyo hapo, vimejaa."

"Wengine wanafanya hivi?"

"Wanafanya vibaya zaidi. Wanaandika sabini na mbili kwa kila mtu, hata mwenye homa. Mimi angalau nafikiri."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilisimama pale nikiupima mzigo wake, nikauona mwepesi kuliko wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa na mkurugenzi na ukaguzi na jina la wodi. Saa saba nilikwenda kumpima bibi yule. Sabini na saba. Jioni, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, matroni hutia sahihi chini ya kila chati. Nilitia.

Katika siku hizo ndipo mdogo wangu alipopata nafasi ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na uvimbe katika kizazi, naye alikuwa amevuja damu kwa mwaka mzima akificha, hata akawa anapanda ngazi kwa vituo. Ni mimi niliyemlea baada ya mama yetu kufariki. Wanawe wawili huniita mama mkubwa, na mumewe, fundi wa kushona, hunishonea sare zangu. Walikuja nyumbani kwangu jioni moja kuzungumza mpango.

"Shemeji," mumewe alisema, "nasikia kuna vile vyumba vya pembeni, na mtu anawekewa muuguzi wake peke yake. Mkurugenzi si mtu wako?"

"Mkurugenzi si mtu wangu. Ni mkubwa wangu wa kazi."

"Basi mkubwa wako wa kazi. Ukimwomba atakukatalia?"

"Hatakataa. Ndiyo maana siombi."

Mdogo wangu alicheka mpaka akajishika tumbo. "Muache, baba watoto. Huyu alinichapa mimi kwanza kabla ya watoto wa jirani, ili isisemwe anapendelea. Dada, nitakuwa na nani huko?"

"Utakuwa kama wengine."

"Kama wengine wenye dada matroni, au kama wengine wasio naye?"

"Wodini mwangu hakuna aina mbili."

Nilisema hivyo, na niliona fahari kusema. Usiku ule nilijiuliza mara moja tu kama nilikuwa nikimtia mdogo wangu mahali ambapo mimi mwenyewe nisingelala. Nikajijibu kwamba angekuwa chini ya Mizani, na Mizani alikuwa bora kuliko wote tuliokuwa nao.

Siku ya upasuaji ilipangwa Jumatano. Siku mbili kabla yake tulipata barua kwamba wakaguzi wangefika Jumatano hiyohiyo. Sikuomba upasuaji uahirishwe, kwa kuwa nisingeliomba hivyo kwa mgonjwa mwingine.

Saa moja na nusu asubuhi mkurugenzi alituma ujumbe: kila wodi itoe muuguzi mmoja, mwenye sare nzuri, akawapokee wageni ukumbini. Nilimtoa yule mwenzake Mizani. Mizani alikuwa amesimama kati ya magodoro, kifaa cha presha shingoni.

"Arobaini na watatu, Matroni," alisema.

"Ni kwa saa mbili tu."

"Punda afe mzigo ufike," alisema kwa sauti ya chini, akainama kumgeuza mgonjwa.

Mdogo wangu alirudishwa kutoka chumba cha upasuaji saa nne. Nilimpokea mwenyewe mlangoni, tukamhamishia kitanda cha tisa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri. Nilimpima: mapigo sabini na nane, presha nzuri, bandeji kavu. Niliandika kwenye mstari wa saa nne bila kutazama ya chini yake, nikamwambia Mizani, "Kila nusu saa mpaka saa sita, kisha kila saa."

"Naijua kazi, Matroni."

"Najua unaijua."

Nikaenda ofisini kupanga mafaili.

Saa tano shemeji alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi. "Shemeji, mdogo wako anataka maji."

"Hapewi maji. Tumbo bado limelala. Mlowanishie midomo kwa kitambaa."

"Nimemlowanisha. Anasema ana kiu ambayo hajapata kuwa nayo."

"Wote husema hivyo. Mwambie avumilie."

Alikwenda. Yafaa niandike hapa jambo ambalo nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa miaka kumi na minane, nikiwaamuru walirudie kwa sauti: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akishikwa na kiu kali na akakosa utulivu, mshike mkono kwanza, kwa maana yamkini anavuja damu ndani. Nilikuwa nalo kichwani kama sala. Ila nilikuwa nikitafuta faili la mwezi wa tatu.

Karibu na saa sita alirudi tena. Safari hii hakusimama mlangoni; aliingia.

"Anageukageuka. Anasema shuka limekuwa zito. Shemeji, njoo umwone kidogo tu. Sisemi umpendelee."

Neno hilo la mwisho lilinichoma, nami nikaenda nikiwa nimekasirika kidogo. Wodini kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya sakafu. Mizani nilimwona upande wa pili, kwenye kitanda cha kumi na nne, akiwa amepiga magoti kando ya mwanamke aliyepaliwa na matapishi. Kidole chake kilikuwa ndani ya kinywa cha mgonjwa yule, naye alikuwa akiita mtu yeyote amletee mashine ya kunyonya makohozi. Jamaa wa mgonjwa mwingine aliileta.

Nilisimama miguuni pa kitanda cha tisa. Mdogo wangu alifumbua macho, akanitazama.

"Dada," alisema, "maji."

Ningaliweza kupiga hatua mbili. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, kiganja kimeelekea juu. Badala yake niliichukua chati. Saa nne na nusu: themanini. Saa tano: themanini na mbili. Saa tano na nusu: themanini. Presha yake ilishuka kidogo na kupanda kidogo, jinsi presha ya mtu anayezinduka katika dawa ya usingizi inavyopaswa kufanya. Yalikuwa mapigo ya mtu mwenye afya kabisa. Moyo wangu ulitulia.

"Unaendelea vizuri," nilimwambia. "Vumilia, mama."

Kisha jicho langu likashuka. Saa saba: themanini. Saa nane: themanini na mbili. Saa tisa: sabini na nane. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi.

Wakati huohuo milango yote miwili ya wodi ikafunguliwa, na mkurugenzi akaingia akitembea kinyumenyume, mkono ameunyoosha, akiwakaribisha wakaguzi.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mzee mpole mwenye miwani, mwenye kusema pole kwa kila mgonjwa aliyempita. Nilimtazama Mizani ng'ambo ya vitanda, nikamwambia bila sauti, kwa midomo tu: kitanda cha tisa, sasa. Alinielewa. Akatikisa kichwa kuelekea mwanamke aliyemshika, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka rangi, nami nikaelewa kwamba akiuondoa mkono wake pale, mtu atakufa.

"Matroni," mkurugenzi alisema, "wageni wangependa kuona chati moja, yoyote ile."

Ile ilikuwa mkononi mwangu. Mkaguzi aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma kutoka juu, kidole kikiteremka polepole. Nilingoja kidole kifike saa saba. Nilimwomba Mungu kifike, na nilimwomba kisifike. Sitaongopa juu ya hilo. Kidole kilisimama kwenye saa tano na nusu. Aliinua uso akatabasamu.

"Hii ndiyo kazi. Nusu saa baada ya nusu saa. Katika msongamano huu mnawezaje?"

Mkurugenzi alinitazama nijibu.

"Nina muuguzi mzuri," nilisema.

Waliuliza habari za taka, za dawa kali za maumivu zinazofungiwa kabatini, za ndoo za kunawia. Nilijibu yote. Nilitembea nao mpaka kitanda cha mwisho, mgongo wangu ukiwa umekielekea kitanda cha tisa, nami nikisikia nyuma yangu shuka likisukumwa, kisha halisukumwi. Ilichukua dakika ishirini na tano. Sikukatazwa na mtu kusema, Samahani, nina mgonjwa. Sikusema.

Walipotoka nilirudi, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa. Mapigo niliyatafuta, nikayapata chini ya kidole kama uzi unaovutwa upesi: mia na arobaini, kisha sikuweza kuhesabu. Midomo ilikuwa myeupe. Nilimwita daktari wa upasuaji, tukaisukuma machela mimi na shemeji na Mizani, magurudumu yake yakikwama katika pembe za magodoro, wagonjwa wakivuta miguu. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu mezani. Damu ya kundi lake ilikuwa chupa moja. Walimfungua hata hivyo, katika chumba cha maandalizi. Alifariki saa nane kasoro dakika kumi na tano.

Daktari alitoka akiwa bado na glavu. Alikuwa kijana.

"Chati inaonyesha alikuwa salama," alisema. "Basi ni ghafla. Ni fundo langu la mshono limefunguka ghafla. Matroni, nisamehe."

Fundo kufunguka ni jambo linaloweza kumpata daktari yeyote. Lakini damu ile haikuwa ya ghafla. Ilimchukua saa tatu, na katika saa hizo aliomba maji mara mbili.

Mkurugenzi alinikuta ofisini. Alifunga mlango, akanipa pole ya kweli. Baba yake alipofariki nilikuwa nimekesha naye. Kisha akasema, "Kutakuwa na kikao cha vifo. Nimeiona chati. Imekamilika, na mkaguzi mwenyewe ameisifu. Hakuna atakayekusumbua wewe wala muuguzi wako. Bado sahihi yako tu."

"Umeisoma mpaka chini?"

"Nimeisoma," alisema. "Andikeni nakala safi."

Alipotoka, Mizani aliingia. Damu ya mdogo wangu ilikuwa imemkauka kwenye kiwiko.

"Yule wa kumi na nne anapumua," alisema. Kisha, "Nilijaza saa tatu asubuhi, kabla hajaletwa. Niliogopa wakaguzi wakute kitupu. Nafasi ya saa nne tu, ya kwako, ndiyo niliyoiacha. Nilisema, huyu ni mdogo wake Matroni, nitaanza na yeye, nitampima kwelikweli. Wallahi nilisema hivyo. Kila nikielekea kwake mtu ananishika sketi."

"Uliwahi kumshika mkono?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Utaniandikia barua?"

"Nitaandika ya kwangu kwanza. Nenda kaanze kitanda cha kwanza. Usipike."

"Nitamaliza kesho."

"Basi maliza kesho."

Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoni, kofia juu ya goti. Nilikuwa na chati mkononi. Nilikuwa nimekwisha kuitia sahihi, na chini ya sahihi nilikuwa nimeandika kwa wino uleule: *Haya hayakupimwa. Nililijua hilo.* Niliketi kando yake. Yeye ni mtu wa vipimo. Hukata kitambaa kwa kuamini namba iliyoandikwa karatasini. Alinisogezea nafasi.

"Shemeji," aliuliza, "wewe ulikuwepo. Alipimwa?"

Nilimpa chati. Nilimwonyesha kisanduku cha saa nane: themanini na mbili. Nikamwambia saa aliyofariki. Aliisoma, akahesabu kwa kidole, akarudia. Mtu mmoja alipita akiuliza mahali pa kuchukulia dawa, tukamwonyesha.

"Na wewe uliona lini?"

"Saa sita na dakika kumi."

"Nilipokuwa nimekufuata."

"Ulipokuwa umenifuata."

Nilitazamia anipige, au alie. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti, mahali anapowekea tepu yake ya kupimia, nami sikumwambia kwamba ni mali ya hospitali.

"Watoto wametoka shule," alisema. "Wanangoja habari."

"Nitakwenda kubadilisha nguo, nije."

"Hapana." Aliinuka. "Utakwenda hivyo hivyo. Na utasema wewe. Yote. Mimi nitasimama pale nisikilize."

Tulitoka kwa mlango wa wodi, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umefungwa kwa ajili ya wageni. Mizani alikuwa kwenye kitanda cha tatu, ameshika kifundo cha mkono wa mwanamke mzee, midomo yake ikihesabu. Hakuinua macho. Kwenye vitanda vilivyobaki chati zilikuwa zinaning'inia, zimejaa zote mpaka jioni, na wagonjwa walikuwa wamelala chini yake kimya, kila mmoja akitungojea tumfikie. Godoro la kitanda cha tisa lilikuwa limekwisha kufutwa, na mwanamke mwingine alikuwa akisaidiwa kupanda.

Shemeji alinifungulia mlango. Nikatangulia, na sare yangu ikiwa na damu.